Maradhi ya Akili Hayakai Foleni

Ukikaa na watu wanaopanga bajeti za afya Afrika Mashariki, wawe madiwani, wabunge au wafadhili kutoka nje, utaisikia hoja moja ikirudi kila mwaka, tena kwa sauti ya huruma. Wanasema nchi bado ina watoto wanaokufa kwa malaria, akina mama wanaofia leba, wagonjwa wa kifua kikuu wanaoacha dozi katikati. Haya yakishapungua, tutageukia magonjwa ya akili. Kila maradhi na zamu yake. Nje ya ukumbi wa bajeti hoja hiyohiyo inasemwa kwa lugha ya mtaani: sonona ni ugonjwa wa Wazungu na wenye kipato, mkulima wa Kishapu au mvuvi wa Lamu hana nafasi ya kuumwa mawazo, na wale wachache waliorukwa na akili kweli wamejengewa hospitali ya Mirembe, wamejengewa Mathari, wamejengewa Butabika na Kidongo Chekundu. Yatosha.

Wanaoisema si watu wabaya, na sehemu ya wanayoyasema ni kweli. Fedha ni chache, na mtoto anayetetemeka kwa homa usiku huu hawezi kungoja bajeti ya mwakani. Lakini hesabu yao imekosewa tangu mstari wa kwanza. Wanadhani gharama ya maradhi ya akili itaanza siku serikali itakapoyatengea fungu. Gharama hiyo inalipwa tayari, kila siku. Wanailipa watu wa nyumba ya mgonjwa, wasio na uwezo nayo, na zinailipa programu zilezile za malaria, ukimwi na uzazi ambazo tunadai kuzilinda. Kinachobishaniwa ni nani aendelee kulipa.

Tuanze na dai la uchache wa wagonjwa, maana ndilo mzizi wa mengine. Tunalitamka kana kwamba tumelirithi kwa mababu, lakini aliyelipatia hadhi ya elimu alikuwa mkoloni. Mwaka 1938 daktari Mwingereza, J. C. Carothers, alikabidhiwa hospitali ya Mathari mjini Nairobi, akaiongoza hadi 1950. Kutokana na wagonjwa aliowakuta humo aliandika kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Akaenda mbali zaidi, akafananisha akili ya Mwafrika mwenye afya na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha uchambuzi wake wa Mau Mau, ambamo madai ya ardhi yaligeuzwa kuwa tatizo la saikolojia.

Weka ubaguzi wake kando kwa muda, uitazame mbinu. Mathari ya wakati ule ilipokea watu walioletwa na polisi, mahakama na watawala wa wilaya: mtu aliyepiga majirani, aliyechoma banda, aliyetembea uchi sokoni. Mwanamke aliyekaa jikoni Murang'a bila kula wala kulala, akiomba afe, hakumsumbua mtu. Hakuna askari aliyetumwa kumchukua. Carothers aliwahesabu waliofikishwa langoni kwake, akadhani ameihesabu nchi.

Kosa hilo tunalirudia bila kumtaja mwalimu wetu. Mgonjwa wa akili tunayemjua ni yule mwenye nywele zilizosokotana anayezungumza peke yake stendi ya mabasi. Kwa kuwa kila stendi ina mmoja au wawili, tunahitimisha kwamba wagonjwa ni mmoja au wawili. Mwalimu anayefundisha kipindi kimoja na kulia chooni vipindi viwili hayumo kwenye hesabu yetu. Bodaboda anayekunywa konyagi saa tatu asubuhi ili mikono iache kutetemeka hayumo. Mama mwenye kichanga cha wiki sita asiyeweza kukitazama usoni hayumo.

Watafiti walipowafuata watu walipo, picha ilikuwa tofauti. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda, wakilinganisha na wanawake wa kusini-mashariki mwa London. Sonona ilionekana kwa wingi zaidi Uganda. Mwaka huohuo David Ndetei na mwenzake Muhangi walionyesha kwamba katika kliniki ya vijijini Kenya, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano waliokuja wakilalamikia mwili alikuwa na ugonjwa wa akili. Mwaka 2003 utafiti wa Dar es Salaam ulikwenda kwenye vituo vya afya na kwa waganga wa kienyeji pia. Kati ya waliokaa kwenye mabenchi ya vituo vya afya, asilimia 24 walikuwa na magonjwa ya akili ya kawaida, yaani sonona, hofu iliyopitiliza na ndugu zake. Kati ya waliokaa kwenye mikeka ya waganga, asilimia 48. Kwa hiyo anayesema wagonjwa hawa hawapo ameangalia mlango usio wao. Wapo, na wanalipa, ila wanalipa kuku, kitambaa na fedha taslimu mahali ambapo wizara haina daftari.

Mpinzani makini atasimama hapa na kusema: takwimu zenu zinarukaruka. Ni kweli. Rachel Jenkins na wenzake walipotumia dodoso la aina moja kwa wakazi wa kawaida, walipata asilimia 3.1 Dar es Salaam katika utafiti uliotoka 2010, na asilimia 10.8 katika wilaya ya vijijini Kenya, 2012. Tofauti ya zaidi ya mara tatu haifichiki, na mtu mwaminifu hapaswi kuchagua namba inayompendeza. Basi tuchukue ndogo. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam. Ondoa watoto, ondoa wazee, chukua asilimia 3 ya waliobaki: bado unazungumzia makumi ya maelfu ya watu katika mkoa mmoja. Kipindupindu chenye wagonjwa kumi tu humtoa mkuu wa mkoa ofisini akiwa amevaa mabuti. Na pale ambapo historia imewaumiza watu kuliko kawaida, namba zinapanda kwa kiwango kisichobishika. Uchunguzi wa kitaifa wa Rwanda wa 2018 ulikuta mtu mmoja kati ya watano ana angalau tatizo moja la akili, na kwa manusura wa mauaji ya kimbari ya 1994, zaidi ya nusu.

Dai la pili ni kwamba maradhi haya hayaui. Kwa miongo mingi takwimu za afya zililibeba dai hilo, kwa sababu zilihesabu vifo tu. Kijana aliyeanza kusikia sauti akiwa na miaka 19, akaishi hadi 50 bila kazi, bila ndoa, bila kuweza kujitunza, hakuonekana popote kwenye vitabu vya wizara. Hakufa, basi hakuumwa. Hali ilibadilika Benki ya Dunia ilipotoa ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1993, na Christopher Murray na Alan Lopez walipochapisha hesabu kamili 1996. Walijumlisha miaka inayopotea kwa kufa mapema na miaka ambayo mtu anaishi akiwa hajiwezi, kila hali ikipewa uzito wake. Magonjwa ya akili yakajitokeza mara moja. Kati ya vyanzo kumi vikuu vya ulemavu duniani kwa mwaka 1990, vitano vilikuwa vya akili, vikiwamo sonona, ulevi, baipola na skizofrenia. Katika hesabu za baadaye, skizofrenia iliyochachamaa ilipewa uzito wa karibu 0.78 kwenye mizani ambayo 0 ni afya kamili na 1 ni kifo. Hakuna hali nyingine iliyopimwa iliyopewa uzito mkubwa kuliko huo.

Kwa nchi zetu hesabu hiyo inauma zaidi kwa sababu ya umri. Nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 14 au akiwa na umri huo, na robo tatu huwa yameshaanza kufikia katikati ya miaka ya ishirini. Nchi ambazo nusu ya watu wake, au karibu nusu, hawajafika miaka 20 zinajaza kila mwaka kundi lile hasa ambalo maradhi haya hulivamia. Na yanalivamia wakati mbaya: mtoto ameshalipiwa ada, ameshapewa chanjo, ameshavuka malaria ya utotoni, sasa angeanza kuzalisha.

Lakini hata tukirudi kwenye kipimo cha wapinzani, kile cha vifo peke yake, dai lao halisimami. Huko Butajira, Ethiopia, watafiti waliwafuatilia kwa miaka kumi watu 919 wenye magonjwa makali ya akili. Walikufa kwa kiwango cha mara mbili ya watu wengine, na walikufa wakiwa wamepungukiwa takriban miongo mitatu ya umri. Kilichowaua ndicho kinachopaswa kumnyamazisha anayesema tumalize kwanza magonjwa ya kuambukiza: karibu nusu ya vifo hivyo vilitokana na maambukizi. Yaani mgonjwa wa akili tunayemwambia asubiri tumalize vita ya malaria na kifua kikuu anakufa kwa kifua kikuu na malaria. Hakupelekwa kituoni kwa kuwa waliokaa naye walidhani kuweweseka kwake ni kawaida yake. Au alipelekwa, mhudumu akamwona "chizi" na hakumpima. Au alipewa vidonge na hakuwepo wa kumkumbusha.

Dar es Salaam ina somo lake. Wanawake wenye virusi vya ukimwi waliofuatiliwa katika jiji hilo, katika utafiti uliochapishwa 2007, walionekana kuwa na dalili za sonona kwa wingi, na waliokuwa nazo walikuwa katika hatari ya kufa iliyozidi mara mbili ya wenzao. Ukijua jinsi kliniki za ukimwi zinavyofanya kazi hutashangaa. Dawa za kufubaza virusi zinamtaka mtu aamini kwamba kesho ina maana. Sonona ni ugonjwa wa kutoamini hivyo. Mtu anaacha kula, anaacha kuamka mapema kwenda kliniki, anaacha kumeza. Serikali na wafadhili wamenunua dawa kwa mabilioni, wamezisafirisha hadi kwenye zahanati ya mwisho, kisha wakamwachia jukumu la mwisho mtu ambaye ugonjwa mwingine umemnyang'anya nguvu ya kulitimiza. Huko ni kumimina maji kwenye pipa lililotoboka huku tukikataa kununua kizibo kwa hoja kwamba maji ndiyo muhimu.

Na kuna vifo vya kujiua. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, kanda yake ya Afrika ilikuwa na vifo vya aina hiyo 11.2 kwa kila watu 100,000, wakati wastani wa dunia ulikuwa 9. Bara linalosemekana kulindwa na furaha yake na wingi wa ndugu liko juu ya wastani.

Dai la tatu ndilo tamu kuliko yote, nalo ni la ndugu. Wenzetu Ulaya, linasema, huwatupa wagonjwa wao kwenye taasisi. Sisi tuna ukoo, tuna msikiti na kanisa, tuna wazee. Jamii yetu hutunza watu wake. Wasomi hulipamba kwa utafiti wa kimataifa wa skizofrenia ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani miaka ya 1960, ambao ulionyesha kwamba wagonjwa wa nchi zinazoendelea walipata nafuu kuliko wa nchi tajiri. Wanaoutaja huwa hawasemi kwamba kituo chake cha Afrika kilikuwa Ibadan, Nigeria, na kwamba wagonjwa wake walikuwa watu waliokwisha kufika kwenye huduma na kutibiwa. Utafiti ule unatupa sababu ya kuamini kwamba ukoo ukichanganywa na dawa hufanya maajabu. Ukoo bila dawa haukuwemo.

Ukoo bila dawa tunaujua. Ni kijana aliyefungwa kamba kwenye mwembe nyuma ya nyumba kwa kuwa mara ya mwisho alipotoka aligongwa na gari. Ni mnyororo kwenye kambi ya maombi. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, na Kenya ilikuwamo. Ni rahisi kuwalaani waliofunga. Lakini wengi wao ni wazazi waliouza ng'ombe kwanza, wakauza shamba baadaye, wakazunguka kwa mganga wa Tanga, sheikh wa Pangani, mchungaji wa Mwanza, na mwisho hospitali ya rufaa iliyo safari ya siku nzima. Walirudi na vidonge vya mwezi mmoja. Vilipokwisha, zahanati ya kijiji ikawaambia dawa hizo hapa hatuna. Mnyororo ulianza pale.

Na tunaposema "jamii hutunza", tuseme ni nani katika jamii. Ni mama, ni dada mkubwa aliyeacha shule, ni mke ambaye wakwe wanamwambia avumilie. Mtu mmoja mgonjwa huondoa nguvu kazi ya watu wawili, na yule wa pili mara nyingi ni mwanamke ambaye naye baada ya miaka mitatu ya kutolala anaanza kuumwa. Hakuna anayemlipa, na hakuna anayemhesabu. Kumsifu mbele ya kipaza sauti siku ya kilele cha maadhimisho kisha kumnyima sindano ya mwezi ya mwanawe ni kuifanya sifa kuwa njia ya kukwepa deni.

Dai la nne ni la kiutendaji: hata tukikubali yote, fedha hakuna na wataalamu hakuna. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika ilisema mwaka 2022 kwamba kanda ina daktari bingwa mmoja wa akili kwa kila watu 500,000, na kwamba serikali hutumia chini ya nusu dola ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Ukisubiri mabingwa watoshe ndipo uanze, utasubiri karne. Hilo ni kweli kabisa, na ndilo linaloonyesha kwamba mpango wa kusubiri mabingwa ni mbovu. Hatukuwangoja mabingwa wa malaria; tulimfundisha mhudumu wa zahanati kutumia kipimo cha haraka na dawa mseto.

Kwamba inawezekana limeshaonyeshwa, tena jirani. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe ni matatizo gani yanawatesa, nao wakaeleza kwa maneno yao hali za kujichukia na kujihurumia zinazomfanya mtu ashindwe kulima, kuoga na kwenda msibani. Kisha katika vijiji 30, baadhi vikapewa tiba ya makundi: watu wanaokutana kila wiki kwa wiki 16 kuzungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani, upweke na mabadiliko ya maisha. Viongozi wa makundi walikuwa wenyeji waliomaliza sekondari na kupewa mafunzo mafupi, hakuwamo daktari. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 80 ya washiriki wa pande zote mbili walikuwa na sonona. Mwishoni, kwa matokeo yaliyochapishwa 2003, ilibaki kwa asilimia 6.5 ya waliokuwa kwenye makundi, na asilimia 54.7 ya wasiokuwa kwenye makundi hayo. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi, wahudumu wa afya wa jamii, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kupangua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 50 ya wengine. Bibi na benchi: hakuna wizara inayoweza kusema haina hivyo viwili.

Kwa magonjwa makali, dawa zinahitajika, lakini nazo si za kutisha. Haloperidoli, kloropromazini, amitriptilini na kabamazepini ni dawa za zamani, hazina tena hataza, na huuzwa kwa bei ya chini. Kwa familia nyingi nauli ya kuzifuata hospitali ya mkoa inazidi bei yake. Tatizo ni kwamba haziagizwi hadi ngazi ya zahanati, na zikiagizwa hukatika, na zikikatika hakuna anayeulizwa. Na tusiseme hatujui pa kuanzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania, ikisaidiwa na Denmark na Shirika la Afya Duniani, iliingiza huduma ya akili kwenye zahanati na vituo vya afya vya mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro kwa kuwafundisha watumishi wa kawaida. Nchi iliyoweza kulijaribu hilo miaka 40 iliyopita, ikiwa maskini kuliko sasa, haiwezi leo kutumia umaskini kama sababu.

Kuna mpinzani mmoja ninayemheshimu kuliko wengine, naye hatoki serikalini. Yeye anasema: mnachokiita sonona ni njaa, ni deni la mkopo wa kausha damu, ni mume mlevi, ni shamba lililouzwa na shemeji. Mnaugeuza umaskini kuwa ugonjwa ili mwizi wa shamba asiulizwe. Ana haki ya kuonya. Vidonge havirudishi shamba. Lakini hoja yake ikinyooshwa hadi mwisho inaangukia upande wetu. Malaria nayo ni ugonjwa wa umaskini: wa nyumba isiyo na dari, wa bwawa lisilofukiwa. Hakuna anayesema mtoto anyimwe dawa hadi nyumba ipauliwe. Tena mtu aliyelala kitandani miezi minne hawezi kwenda baraza la ardhi la kata kudai shamba lake. Kwenye makundi ya Masaka waliopona walirudi kulima, kufua na kwenda misibani. Kumtibu mtu ni kumrudishia nguvu za kugombana na aliyemdhulumu.

Limebaki la sheria, ambalo halihitaji hata shilingi moja. Waingereza walituachia Kanuni za Adhabu zinazolifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Wao wenyewe waliifuta sheria hiyo kwao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Sisi tukaitunza. Ilichukua hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya itamke kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba ya nchi hiyo. Tanzania imebaki na chake. Athari yake si kwa wachache wanaofikishwa kortini tu. Familia inayojua kwamba kusema ukweli wodini kunaweza kumleta askari itasema ni ajali. Daktari ataandika ajali. Mgonjwa ataruhusiwa bila kuonwa na mtaalamu yeyote wa akili, na takwimu zitatoka safi, kisha mtu mmoja kwenye ukumbi wa bajeti atazisoma na kusema: mnaona, kwetu tatizo hili ni dogo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeficha ni dola.

Kwa hiyo madai yetu yawe ya wazi, yenye kuweza kukaguliwa. Dawa nne au tano za akili ziwe kwenye orodha ya zahanati, na kukatika kwake kuulizwe kama kunavyoulizwa kukatika kwa dawa mseto. Kila kituo cha afya kiwe na angalau mtumishi mmoja aliyefunzwa kuzitoa na kuwafuatilia wanaozitumia. Kliniki za ukimwi, kifua kikuu na wajawazito ziulize kila mgonjwa maswali mawili, kama amepoteza hamu ya mambo na kama moyo umekuwa mzito, na ziwe na pa kumpeleka akijibu ndiyo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuongoza makundi. Kifungu cha sheria kifutwe. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji hospitali mpya, na mengi yanaingia kwenye programu ambazo zina fedha tayari.

Na anayeendelea kusema subirini, asikubaliwe kuishia hapo. Aonyeshe kwenye makabrasha yake fungu linalomlipa dada aliyeacha shule, linalofidia dawa za ukimwi zilizoachwa chini ya godoro, linalowahesabu wagonjwa wa akili wa kata yake waliokufa kwa malaria wakati yeye akisema malaria kwanza. Kusubiri nako kuna bei. Aitaje kwa shilingi, kisha aseme mbele ya wapiga kura wake ni nyumba zipi amezichagua ziilipe.